Toa Akaunti Kwanza, Ndipo Tutaje Bei

Jua ndiyo kwanza linachomoza, na mwanamke mwenye meza ya simu chini ya ngazi za jengo la maduka tayari amekaa, amesimama, amekaa tena. Anafuta vioo vilivyokwisha kufutwa. Mbele yake kuna baba mmoja mwenye haraka, funguo za pikipiki zinamchezea kidoleni.

“Nimeshafuta kila kitu, dada. Picha, meseji, vyote.”

“Picha si akaunti,” anamjibu. “Ingia kwenye mipangilio, toa akaunti yako kwanza, ndipo tutaje bei.”

“Si utaitoa mwenyewe?”

“Pasiwedi yako mimi ya nini? Iingize wewe. Nageuka huku.”

Anageuka kweli, anautazama ukuta, mguu mmoja ukitikisika chini ya gauni. Kwa maneno hayo ya kila siku, wenzake wamembandika jina la Toa Kwanza, na sasa hata mama yake mzazi humwita hivyo akitaka kumchokoza.

Biashara yake ni kununua na kuuza simu zilizokwisha kutumika. Siku nzuri huuza mbili au tatu. Siku mbaya huishia kuuza kava na chaja, akarudi nyumbani kwa mama yake na watoto wake wawili.

Hakuwa mkali hivi tangu mwanzo. Zamani, anasema, simu ikiwaka na kioo kikiwa kizima, alilipa. Kilichombadilisha ni simu moja nyeusi aliyouziwa na dereva wa lori la mchanga.

Dereva alifuta picha zake na kuondoka. Simu ilikaa bila mnunuzi kwa wiki kadhaa na, kwa kuwa betri yake ilikuwa nzuri, Toa Kwanza akaweka laini yake humo na kuitumia. Hatimaye akaiuza kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, mama anayehifadhi mitindo na vipimo vya wateja wake kwenye simu.

Simu ilipoanza kuwa nzito, fundi huyo aliirudisha katika hali ya kiwandani ili iwe nyepesi. Ilipowaka, ikagoma. Ikadai akaunti ya mmiliki wa awali, ndiyo kinga iliyowekwa ili mwizi asifaidi simu ya watu.

“Alikuja nayo hapa, watu wamejaa,” anakumbuka Toa Kwanza. “Hakupaza sauti, na hilo ndilo liliniumiza. Aliiweka mezani akasema, ‘Mwenzangu, kumbe unauza mali ya wizi.’ Akaenda zake.”

Maneno yakatembea. Wateja wakawa wanapita mbali kidogo na meza yake. Fundi simu wa meza ya jirani alimwonea huruma, akajitolea kuifungua simu kinyemela, kwa ujanja anaoujua yeye.

“Nikamkatalia. Nikipita mlango wa nyuma, nitakuwa nimekubali kwamba ni ya wizi. Na ilikuwa na mwenyewe. Nilimwona kwa macho yangu.”

Akafunga meza, akaanza kumtafuta yule dereva. Alimpata kwenye gereji, amelala chini ya lori lake, miguu tu ndiyo inaonekana.

“Akaunti siyo yangu,” ilimjibu ile miguu. “Ni ya mke wangu. Simu alininunulia yeye, na akaunti akaiweka yeye. Tumetengana na hatuongei. Nenda kwake ukitaka, lakini usiseme nimekutuma.”

Mke huyo hufua mashuka katika nyumba ya wageni. Toa Kwanza alimkuta uani, mikono imejaa povu, akamwonyesha simu na kumweleza alivyoipata. Mfuaji hakuigusa. Alimtazama mgeni wake juu mpaka chini.

“Wewe unakaa nyuma ya tangi la maji? Nyumba yenye geti la bluu?”

Toa Kwanza akarudi hatua moja nyuma. “Nani kakwambia?”

“Simu imeniambia.”

Akafuta mikono, akaketi juu ya fungu la mashuka na kueleza. Kupitia akaunti ile aliweza kuona simu ya mumewe ilipo, kinukta kidogo kwenye ramani. Tangu watengane alikuwa akikichungulia. Kila jioni kinukta kilitoka madukani, kikaenda nyuma ya tangi na kulala huko mpaka asubuhi. Akajua mume amepata mwanamke. Siku moja alikwenda mpaka getini, akaona mabuti makubwa ya kiume mlangoni, akageuza.

“Mabuti ya marehemu baba,” Toa Kwanza akamwambia. “Mama huyaweka pale ili wezi wadhani kuna mwanamume ndani.”

Mfuaji akaendelea, kana kwamba akishaanza hawezi kuacha. Kinukta kilipohamia mtaa wa mafundi cherehani, alijisemea kwamba sasa mume ana wawili. Shangazi zake walipokuja kusuluhisha, aliwafukuza. Na wiki ile simu ilipogoma, kinukta kikazimika.

“Nikadhani amekufa. Nikashindwa kula. Na nikajichukia kwa kushindwa kula.”

“Si ungempigia?”

“Nimwambie nini? Kwamba nakuchungulia?”

Alipoipokea simu hatimaye, kidole kilisita juu ya kioo. “Nikiitoa, sitamwona tena.”

“Mama, hukuwa unamwona,” akajibiwa. “Ulikuwa unaniona mimi.”

Mfuaji akaingiza nenosiri, akaitoa akaunti, wakaifuta simu upya. Toa Kwanza akaipeleka kwa fundi cherehani siku hiyohiyo. Fundi aliikagua, akasema “haya”, akarudi kwenye mashine yake. Wiki iliyofuata alimletea mteja.

Kuhusu wale wawili hajui mengi, wala haulizi. “Mimi si mshenga.” Anachojua ni kwamba dereva alipita mezani siku moja, akasimama kama aliyesahau alichofuata.

“Mimi sikuwa na mwanamke,” akamwambia.

“Najua. Mwanamke mwenyewe nilikuwa mimi.”

Dereva alicheka mpaka akashika meza, halafu akasema Jumapili anakwenda kuwaona watoto wake, mkewe amemruhusu.

Meza imerudi kuwa na watu, lakini yeye hajatulia. Akimwona njiani mtu aliyenunua simu kwake zamani, humsimamisha aikague simu yake, hata kama mtu mwenyewe anakimbilia msibani. Wengine humkwepa.

Sasa anatafuta chumba kidogo cha kupanga, chenye mlango na kiti, ili muuzaji akae aitoe akaunti yake bila macho ya wapita njia. Ameshakiona kimoja; mwenye nyumba bado anamzungusha.

“Nikikipata, nitawaita wote niliowauzia kabla ya ile nyeusi,” anasema, akisimama tena. “Wako wanaolala na simu chini ya mto, na hawajui kuna mtu anawahesabia usingizi. Sitaki hela yao. Nataka waje tu, tuangalie.”