Mama Vifungu na Mtunzaji wa Ng'ambo

Ukitaka kuchapisha barua haraka mjini Bariadi, usiende kwa Eufrasia Ngassa. Stesheneri yake iko hatua chache kutoka mahakamani, imepakwa rangi ya bluu aliyoinunua kwa bei ya kutupa na kuijutia siku hiyohiyo, na ndani mna kompyuta moja, mashine ya kutolea kopi na benchi. Benchi ndilo tatizo. Kila mwenye karatasi ya kusaini hukalishwa pale kwanza, akasomewa karatasi yake yote kuanzia kichwa cha habari hadi nukta ya mwisho, na akionekana kusinzia anarudiwa kwa Kisukuma. Mtu aliyekuja na mkataba wa kupanga chumba anaondoka baada ya saa nzima, anajua haki zake zote, na amechelewa kote alikokuwa anakwenda.

Hafanyi hivyo kwa kukosa kazi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, na katika miaka hiyo aliona watu wazima wakilia mbele ya hakimu kwa sababu ya dole gumba walilolichovya kwenye wino bila kuuliza. Alipoacha kazi aliapa kwamba katika duka lake hakuna atakayeuziwa mbuzi kwenye gunia. Watu wakambandika jina la Mama Vifungu, kwa dhihaka. Waliombandika ndio haohao leo wanaotoka Ngulyati na mikataba yao ya mashamba, wakazipita stesheneri nne njiani, wakalalamika weee, kisha wakaenda kukaa kwenye benchi lake. Ana miaka hamsini na saba, miwani yake mkono mmoja umefungwa uzi, na ubishi wake hauna dawa.

Udhaifu wake ni mmoja tu, nao unaitwa Method. Ni mtoto wa dada yake Lukresia, aliyefariki Method akiwa na miaka mitano. Eufrasia hakujaliwa kuzaa, akamchukua. Kwa Wasukuma dada wa mama ni mama, kwa hiyo mtoto alimwita mayu tangu siku ya kwanza na hapakuwa na la kueleza. Akakua mrefu, mtanashati, ulimi wa asali. Sasa ana miaka ishirini na sita. Amewahi kununua pamba kwa niaba ya wafanyabiashara, amewahi kuuza laini za simu, amewahi kuendesha bodaboda, na kila kazi aliianza kwa shangwe na kuiacha kwa sababu nzuri. Eufrasia alizisikiliza sababu zote na kuziamini, yeye ambaye haamini hata risiti ya umeme mpaka aisome mara mbili.

Msimu wa pamba wa mwaka huu ulipofunguliwa, Method akaja na kazi mpya. Kuna kampuni ya ng'ambo inayoendesha soko la sarafu za mtandaoni. Mtu anatuma pesa kwa simu, zinageuzwa sarafu hizo zisizoshikika, ananunua na kuuza, na mali yake inakaa kwenye hifadhi ya kampuni. Kampuni yenyewe imesajiliwa katika kisiwa ambacho Method hakuweza kukionyesha kwenye ramani. Ilikuwa imemteua awe balozi wake mkoani Simiyu, kwa mshahara wa kila mwezi na kamisheni kwa kila atakayemsajili. Akaanzia kijiji cha Kasoli, kwa wafugaji na wakulima waliokuwa wametoka kuuza pamba.

Kwingine, ukimwambia mtu kwamba mali yake itakaa mbali, kwa mtu asiyemwona, atakutimua. Kasoli ilikuwa kinyume chake. Msukuma mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote boma moja. Anawagawa, wanne kwa rafiki, sita kwa shemeji aliye mbali, ili ugonjwa ukiingia usimalize wote na jirani mwenye kijicho asijue idadi. Desturi hiyo inaitwa kubilisa, na sheria zake kila mtoto anazijua. Ndama ni wa mwenye ng'ombe, maziwa ni ya mtunzaji, na ng'ombe akifa, mtunzaji anampelekea mwenyewe ngozi, iwe ushahidi kwamba hakumuuza wala kumla kimyakimya.

Method aliwaambia watu wa Kasoli kwamba kampuni ni mtunzaji tu, na sarafu ni ng'ombe waliopelekwa kwa mtunzaji wa ng'ambo. Wakamwelewa papo hapo. Umbali ambao ungewatia wengine wasiwasi, kwao ukawa sifa. Mayige, mwenye mifugo mingi kuliko wote pale, mtu mkali anayependa faida kuliko chakula, alikuwa wa kwanza kusema atauza madume wawili ili aanze.

Basi Alhamisi moja mchana Method akaingia stesheneri na flashi mkononi. Akaamkia, "Mwadila, mayu," akaitikiwa vizuri. Alitaka vitu viwili. Cha kwanza mkataba wake wa ubalozi, kurasa thelathini na moja. Cha pili fomu arobaini za wateja, kwa ajili ya mkutano wa Jumamosi kule Kasoli. Alisema ana haraka. Eufrasia akamwonyesha benchi.

Method alicheka, maana alidhani benchi si la watoto wa nyumbani. Mayu wake hakucheka. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, na Kiingereza cha Eufrasia ni kile cha mahakamani, kinatembea polepole lakini hakiachi kitu njiani. Akaweka rula chini ya mstari wa kwanza. Wateja wawili wakachungulia mlangoni, wakaona mambo yalivyo, wakasema watarudi kesho.

Swali lake la kwanza lilikuwa kama kampuni hiyo ina kibali cha kuwahudumia watu wa Tanzania. Method alikuwa na majibu tele. Alisema serikali yenyewe imeshazitaja mali za kidijiti kwenye sheria ya kodi, na huwezi kutoza kodi kitu usichokitambua. Eufrasia akamkumbusha kwamba Benki Kuu iliwahi kuwatahadharisha watu juu ya sarafu hizo. Tena kutozwa kodi si kupewa leseni. Yeye mwenyewe angeweza kulipa kodi ya duka mwaka mzima na bado akafungiwa kwa kukosa leseni ya biashara.

Method akaja na hoja nyingine, na hii ilikuwa nzuri mpaka mama wa watu akaiweka rula mezani. Kampuni haijaja Bariadi, alisema, wala haina ofisi hapa. Ni watu wenyewe wanaoifuata hukohuko iliko, kwa simu zao. Mtu wa Kasoli akienda mnadani Kenya kununua ng'ombe, je, mnada ule unahitaji kibali cha Tanzania?

Eufrasia akakiri kwamba hapo pana ubishani wa kweli, na kwamba sheria za mambo haya bado changa. Kama mtu angeitafuta kampuni hiyo kwa hiari yake, mawakili wangelumbana hadi jua lizame na yeye asingethubutu kusema nani atashinda. Lakini mnada wa Kenya haumtumi mtu aliyevaa fulana yake aje Kasoli kuwaita watu. Aliyetuma mtu wa kumwitia wateja, alisema, huyo amekuja, hata kama mwili wake umebaki kisiwani.

Kusoma kukaendelea. Ukurasa wa kumi na nne ulisema kwamba balozi si mwajiriwa wala wakala wa kampuni, na atabeba mwenyewe lawama yoyote itakayotokana na sheria za nchi aliyomo. Ukurasa wa ishirini na saba, kwa herufi ndogo kama mbegu za mchicha, ulikuwa na orodha ya nchi ambazo kampuni ilikuwa na kibali cha kutoa huduma. Eufrasia alishusha rula nchi moja baada ya nyingine mpaka mwisho. Tanzania haikuwemo. Akaifungua fomu ya mteja, akakuta kisanduku ambacho kila mtu alitakiwa kukitia tiki ili asajiliwe: ninathibitisha kwamba mimi si mkazi wa nchi yoyote isiyokuwa kwenye orodha.

"Method," akasema, "hapa watu wa Kasoli wanaapishwa kwamba hawakai Kasoli."

"Ni tiki tu hiyo, mayu. Kila mtu anaitia."

"Na wewe uliitia?"

Method akatazama nje, barabarani. Alikuwa ameitia.

"Basi nisikilize. Siku mali za hawa watu zikipotea, kampuni itasema haikujua kama wako Tanzania, na itazionyesha tiki zao. Ukiitafuta hapa nchini huioni, haipo. Kitu chake kimoja tu kilichopo hapa ni wewe. Na hicho ndicho kitakachokamatwa."

Maneno hayo yalimchoma, naye akachoma. Akasema amechoka kusomewa tangu darasa la kwanza. Akasema kila akitaka kusimama, mayu anamtafutia kifungu cha kumkalisha, na kwamba wenzake wana ndugu wanaowasukuma mbele. Akachomoa flashi yake, akaenda kuchapisha duka la jirani. Ukuta wa maduka yale ni wa mbao. Eufrasia aliisikia mashine ikitoa fomu moja baada ya nyingine, zote arobaini.

Aliumia sana. Hakujali kutukanwa, makarani wa mahakama hutukanwa kila siku na kula chakula chao vizuri. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa hana la kufanya. Method akisajili watu wale, siku yoyote angeweza kuishia kizimbani, na jina lake Kasoli lingeoza. Na yeye akisimama mkutanoni kumzuia, mtu mzima mbele za watu wazima, angemwokoa na kesi na kumpoteza yeye. Mtoto aliyemlea kwa miaka ishirini na moja hakutaka kumshinda kwa namna hiyo.

Jumamosi akafunga duka, akapanda bodaboda hadi Kasoli. Mkutano ulikuwa ndani ya ghala la chama cha msingi cha wakulima wa pamba. Akatafuta ubao nyuma kabisa, kando ya magunia, akakaa na kujiapiza kwamba hatafungua mdomo. Aliyokuwa nayo alishayasema.

Method aliongea vizuri ajabu. Alitania, alitaja watu kwa majina ya ukoo, alieleza mtunzaji na ng'ombe mpaka hata Eufrasia akajikuta anatikisa kichwa kwa kuridhika, akajikemea. Fomu zilikuwa mezani na kalamu juu yake. Ndipo Mayige akasimama.

"Tumekuelewa, kijana. Mtunzaji yuko mbali, hiyo sawa. Mimi nina swali moja. Ng'ombe akifa huko, ngozi ataileta nani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Ndilo swali analouliza kila anayekabidhi ng'ombe, na watu waliitikia kwa vichwa tu, wakingoja jibu jepesi ili wakajiandikishe. Method angesema "mimi" na kazi ingekwisha. Eufrasia alikuwa ameung'ang'ania ubao aliokalia kwa mikono miwili. Alimjua mwanawe. Kutia tiki ya uongo kwenye simu, peke yake, aliweza na akalala usingizi. Lakini ngozi alishawahi kuiona ikiletwa, imekunjwa nyuma ya baiskeli, mtu ametembea nayo siku mbili ili tu asiitwe mwizi. Kudanganya kuhusu jambo hilo mbele ya wenye ng'ombe kulikuwa kitu kingine.

"Hakuna," akasema Method.

Watu walidhani hawakusikia vizuri.

"Hakuna atakayeleta ngozi, baba. Kampuni hii haina ruhusa ya kuwahudumia watu wa Tanzania, na yenyewe inajua. Mkitia tiki kwenye hizi fomu mtakuwa mmesema ninyi si watu wa hapa. Mimi nilitia, na nilipoambiwa maana yake sikutaka kusikia."

Ghala likachafuka. Mmoja alisema ameacha kazi zake bure. Mama mmoja alisema bora hata angebaki na karanga zake. Wengine walinong'ona kwamba kijana ameona faida ni kubwa anataka kuila peke yake, maana binadamu hawakosi la kusema. Wakatoka kwa makundi. Method alibaki ameegemea meza na fomu zake arobaini, hana mshahara, hana kamisheni, na sababu nzuri hata moja hakuwa nayo safari hii.

Mayige alikuwa hajaondoka. Alimfuata Method mpaka mezani, uso umekunjamana, na wachache waliobaki walisogea wakidhani atamtandika fimbo. Akamuuliza anakaa wapi. Method akasema Bariadi mjini, chumba cha kupanga. Akamuuliza ana ng'ombe wangapi. Method akasema hana.

"Nina mitamba watatu, natafuta mtu wa kunitunzia," akasema Mayige. "Watu huniletea ngozi ng'ombe akishakufa. Wewe umeileta kabla. Jumanne njoo uwachukue."

"Baba, mimi sina hata boma."

"Jenga," akasema Mayige, akatoka.

Eufrasia alilia palepale ghalani, waziwazi, bila kujificha nyuma ya magunia wala ya miwani. Method alipomfikia na kuanza kutafuta maneno ya kuomba msamaha, hakumwachia nafasi. Alikuwa ameshaanza kumuuliza watapata wapi miti.