Bendera Isiyo na Kamba

Mimi ni mkataji. Meza yangu iko karibu na dirisha, na cherehani ya Mama Pindo iko mkono wangu wa kushoto, kwa hiyo kwa miaka kumi na tisa nimemwona upande mmoja tu wa uso. Huo upande naujua kuliko anavyoujua mwenyewe. Jina tulimpa sisi kiwandani. Mimi nakata, wengine wanaunganisha rangi, yeye anakunja ukingo na kuupiga mshono mara mbili. Mtoto hana, lakini hilo la "Mama" hakuwahi kulikataa.

Kiwanda ni cha serikali: mabati juu, saruji chini, mashine kumi na nne ambazo tisa ndizo nzima. Tunashona magwanda ya walinzi, mapazia ya maofisi na bendera. Watu wakisikia tunashona bendera hudhani tunaimba wimbo wa taifa kila tukishika mkasi. Tunaongea habari za wakwe na maumivu ya mgongo. Kwetu bendera ni kipimo, na kipimo hicho kimebandikwa ukutani: urefu wake, upana wake, na upande wa mlingoti utepe wa turubai wenye pete mbili za chuma za kupitishia kamba. Ikikosewa inarudi. Ikichakaa huko maofisini inarudi pia, na kila baada ya miezi mitatu tunazichoma zilizochakaa kwenye pipa nyuma ya stoo, tumesimama wima, msimamizi anajaza fomu. Nimechoma bendera nyingi kuliko mkorofi yeyote na hakuna aliyewahi kuniuliza kitu.

Kuna aina moja haina utepe. Ni ile ndefu inayofunika majeneza ya askari. Haipandi popote, kwa hiyo haihitaji kamba. Pande zote nne ni pindo tupu, kazi ya Mama Pindo mwanzo hadi mwisho. Sisi tulikuwa tunaiita shuka.

"Mama Pindo, shuka ngapi leo?"

"Mbili, na usinipande kichwani asubuhi yote hii."

Ndivyo tulivyozoea. Utani wa kazini, na hakuna aliyeuona ubaya.

Mdogo wake Mama Pindo wa kiume alikuwa mwalimu wa hesabu mpaka kisukari kilipomstaafisha. Wazazi wao walikufa mapema, dada mtu ndiye aliyemlea, akamsomesha kwa hiyo hiyo cherehani, na baadaye hata yeye akawa anamwita Mwalimu kama watu wengine. Mwalimu naye alipata mtoto mmoja tu, wa kiume, akaingia jeshini. Kijana yule akipata likizo alikuwa anapita kiwandani na viatu vyake vinavyong'aa, anapiga saluti mlangoni na kusema kwa sauti kubwa, "Namsalimu shangazi wa taifa!" Sote tulikuwa tunacheka. Shangazi mtu alikuwa anamfukuza na futi kamba.

Alirudi ndani ya sanduku lililopigiliwa misumari, pamoja na karatasi ya mstari mmoja: amefariki akiwa kazini. Waliomleta walikataza lisifunguliwe. Makaburini walikunja ile bendera iliyofunika sanduku, wakamkabidhi Mwalimu kwa mikono miwili, wakaondoka.

Mwalimu alitaka kujua jambo moja, mwanawe alikufaje. Aliuliza kambini, akaambiwa aulize wizarani. Wizarani wakamwambia aandike barua. Aliandika barua kwa miezi kumi na moja, kwa mwandiko wake ule wa ubaoni, na kila jibu lilisema suala linashughulikiwa. Siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akaichukua bendera aliyokabidhiwa, akaenda nayo kwenye ngazi za jengo kubwa la serikali, akaitandika, akaimwagia mafuta ya taa, akaiwasha. Hakukimbia. Askari walipomshika alisema, na watu wakamrekodi, "Nishtakini. Mkinishtaki mtalazimika kusema."

Sisi tuliiona kwenye simu ya mpiga pasi. Mpiga pasi wetu ni mwanajeshi mstaafu, mtu mpole sana mpaka umguse pale. "Anayechoma bendera achomwe naye," akasema, huku Mama Pindo amekaa hatua tatu kutoka kwake. Sina haja ya kujifanya mwema: na mimi nilikasirika. Kitambaa kile nilikikata mimi. Sikuvumilia kuona moto unakimbia juu ya rangi zile mbele ya watu, bila pipa wala fomu, kama takataka. Mjini maneno yalikuwa hayo hayo. Wengine walisema bendera ni mama yetu sote, hachomwi mama. Wengine wakasema alipewa yake mwenyewe, mtu akipewa kitu ni chake, na kama mdomo hausikiki basi aseme kwa moto. Walipigana mpaka kwenye vibanda vya chai.

Mama Pindo aliangalia ile simu, akarudi kwenye mashine, akamaliza mshono.

"Ile ni yangu," akasema.

"Zote ni zako," nikamwambia.

"Ile niliishona nikijua ni ya nani."

Hakulia. Siku ile ya kuishona hakulia pia. Kuanzia hapo alikuwa akija kazini, anashona, anaondoka. Ukimsalimia anaitikia, ukimtania anatabasamu kwa adabu tu. Nikadhani amejikaza kisabuni. Baadaye nilielewa kwamba kulikuwa hakuna cha kujikaza nacho, ndani mlikuwa na ganzi tupu.

Nilimsindikiza mahabusu mara mbili. Mwalimu alikuwa na kidonda kwenye mguu wa kulia, kidole kimoja kilishakatwa kabla ya haya yote, na kule ndani bandeji ilibadilishwa siku walipokumbuka. Harufu ilifika kabla yake. Mama Pindo alimtazama mguu, hakumtazama uso.

"Dada," Mwalimu akasema, "upande wa mashtaka watakuita wewe uthibitishe nilichochoma. Wakikuuliza ulishona nini, sema bendera. Neno moja tu. Baada yako wanamwita afisa aliyemleta mwanangu, aseme kwamba alinikabidhi yeye. Akishaapa tu, wakili wangu anamuuliza mengine."

"Na miaka mitano ya kifungo?"

"Nitafungwa. Lakini nitakuwa nimesikia."

"Na mguu?"

"Mguu ni wangu, dada."

Wakili wake alikuwa binti wa msaada wa sheria, mwenye begi kubwa kuliko yeye. Alianza na hoja ya uhuru wa maoni, kwamba kuchoma kitu chako mbele ya watu ni namna ya kusema, na serikali haiwezi kumwadhibu mtu kwa kuwa usemi wake unauma. Alituambia hayo kiwandani alipokuja kuona tunavyoshona, na mpiga pasi akatoka nje akaubamiza mlango. Halafu yule binti akasimama mbele ya kile kipimo cha ukutani. Akakisoma. Akaja kwenye meza yangu, akashika shuka iliyokuwa inasubiri pindo, akaizungusha pande zote nne.

"Mbona hii haina pete?"

Tukamweleza. Akavuta kiti karibu na Mama Pindo.

"Sheria inasema bendera ni ile ya kipimo hiki," akasema. "Hii haimo. Ukitamka hivyo, kesi inakufa siku hiyo hiyo na mzee anakwenda nyumbani."

"Amekwambia uniulize?"

"Nilimweleza. Amenikataza nisiguse habari ya pete kabisa. Ni mteja wangu, sitauliza." Akafunga begi lake. "Lakini wewe mama, hakuna aliyekukataza kusema."

Alipoondoka, Mama Pindo alitunga uzi kwenye sindano mara nne bila kupata tundu. Nikamtungia mimi.

Siku ya kesi nilikwenda naye. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, feni moja, hakimu ana mafua na leso mkononi. Kilichobaki cha bendera kilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni: pembe moja tu, kubwa kama kiganja, na pindo lake bado limenyooka. Mama Pindo akaapa. Mwendesha mashtaka akamwonyesha.

"Hii umeshona wewe?"

"Ndiyo."

"Ieleze mahakama ni nini."

Mwalimu alikuwa ameinama mbele kama mwalimu anayemsubiri mwanafunzi atoe jibu analolijua. Mguu wake ulikuwa umefungwa kitambaa, umetiwa kwenye ndala iliyopasuliwa upande. Mama Pindo akautazama ule mguu. Akautazama muda mrefu, mpaka hakimu akakohoa.

"Ni kitambaa cha kufunikia jeneza," akasema.

"Ndiyo, lakini ni bendera ya taifa."

"Haina utepe, mheshimiwa. Haina pete. Kwenye kipimo cha bendera haimo."

Mwendesha mashtaka akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeteleza akitumaini hakuonekana. "Sasa mama, huko kiwandani mnaiitaje?"

"Shuka."

Mtu mmoja nyuma yangu akacheka, kisha akanyamaza haraka. Mimi nilitamani ardhi inimeze, maana jina lile nadhani nililianzisha mimi.

Mwalimu alisimama kwa mguu mmoja. "Ni bendera! Mimi nimechoma bendera, nakiri! Dada, waambie! Mwanangu hakufunikwa shuka!"

Hakimu akamwamuru akae. Karatasi ya kipimo ikaletwa, akaisoma mara mbili, akapenga kamasi, akatoka. Aliporudi alisema maneno machache ambayo sikuyashika yote, ila la mwisho nililishika: mshtakiwa aachiwe huru. Shauri lote lilichukua muda mfupi kuliko mapumziko yetu ya mchana.

Nje kwenye korido kulikuwa na benchi moja, na juu yake amekaa afisa wa jeshi, kofia gotini, faili la kahawia chini ya kofia. Karani akamwinamia akamwambia hahitajiki tena. Alikuwa anainuka Mwalimu alipomfikia, anachechemea, ameegemea ukuta.

"Wewe ndiye uliyemleta mwanangu."

"Ndiyo, mzee. Pole sana."

"Ungeingia mle ndani, ungesema?"

Yule afisa hakuwa mtu mzima sana. Aliutazama mlango wa mahakama, akalitazama faili lake, akalipachika kwapani.

"Nilikuwa naye siku ile, mzee," akasema kwa sauti ya chini. "Nilishaambiwa nijibu machache. Lakini mle ningekuwa nimeapa, ningesema. Hapa nje siruhusiwi."

Akavaa kofia, akatupita, akashuka ngazi. Nilisikia viatu vyake mpaka chini.

Nilisubiri Mwalimu apige kelele. Nilitaka apige kelele, angalau mtu mmoja wetu afanye hivyo. Akakaa palepale kwenye benchi alipotoka yule afisa. Ilikuwa saa ya dawa. Mama Pindo akafungua mkoba wake, akatoa vidonge viwili na chupa ya maji, akammiminia kwenye kifuniko kama mtu anayemnywesha mtoto. Mwalimu akavipokea.

"Shahidi wa kwanza ulikuwa wewe," akasema, bila hasira yoyote. "Wa pili alikuwa yeye. Palikuwa na neno moja tu katikati, dada."

"Najua."

"Alikuwa hapa nje muda wote. Anasubiri zamu."

"Najua, Mwalimu," akasema Mama Pindo. "Nilimpita akiwa amekaa hapa nilipokuwa naingia. Alinisalimia."

Mwalimu alimeza vidonge. Dada yake akapiga magoti sakafuni, akaanza kumfungua ile bandeji, na Mwalimu akaunyoosha mguu.