Bastola Iliyongoja Mjukuu

Baba alirudi kutoka vita vya Uhabeshi na koti la jeshi, kikohozi kisichoisha na bastola ya Mtaliano. Bastola yenyewe haikuwa na risasi hata moja. Kila Krismasi, katika landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi pale Nakuru, aliitoa ndani ya soksi, akaipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na wageni wakapokezana kuishika huku akisimulia jinsi ofisa wa Kitaliano alivyomkabidhi kwa mikono miwili. Kila mwaka yule Mtaliano alizidi kurefuka. Tulicheka, mama akagawa chai, wala hakuna aliyewaza kwamba kitu kile kingetuletea balaa.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, na pamoja nayo amri kwamba Mwafrika akipatikana na bunduki bila kibali, adhabu yake ni kamba. Wakati huo nilikuwa mwalimu mchanga katika shule ya shamba la mzungu mmoja huko Mau Narok, na nilijiona najua sheria. Nilimwambia baba aipeleke polisi. Alinitazama kama anayetazama kuku aliyepanda mezani.

"Hii nilipata kwa vita ya King mwenyewe," alisema. "King ataninyonga kwa kitu nilipata nikimpigania yeye?"

Niliachia hapo. Kikohozi kilimmaliza kabla mwaka haujaisha.

Tulimzika nyumbani, magharibi. Kwetu, siku ya kunyolewa nywele baada ya mazishi, wazee huketi uani na vitu vyote vya marehemu huletwa mbele yao, kimoja kimoja, kila mtu akiona. Hata kijiko hakifichwi. Anayeficha kitu siku hiyo huhesabiwa kuwa amemwibia maiti. Mama yangu hakuwa mtu wa kudanganya hata kuhusu chumvi. Alileta baiskeli, koti, viatu, taa ya reli, halafu akaiweka bastola juu ya mkeka katikati ya vile vingine, mbele ya watu zaidi ya hamsini.

Wazee waliijadili kirefu kuliko baiskeli. Mimi ndiye mtoto wa kiume wa pekee, lakini katika ukoo wetu mwana hashiki silaha ya babake wakati mamake yu hai, kwani ni sawa na kumsukuma babake atoke nyumbani. Silaha humngoja mjukuu atakayepewa jina la marehemu. Wakaamua hivyo: bastola ni ya mjukuu, na mjane ataitunza mpaka azaliwe. Kisha wote wakanigeukia mimi, kapera wa miaka ishirini na tatu, kama mtu aliyechelewesha kazi ya watu. Shangazi mmoja akauliza kwa sauti nilikuwa nangoja nini. Nilitaka kusimama niwaambie kwamba huyo mjukuu wao, ambaye mamake sijamwona hata kwa mbali, tayari ana kosa la kunyongwa. Lakini mbele ya wazee mwalimu ni mtoto tu.

Nyumba ya reli ilitakiwa na mtu mwingine, kwa hiyo mama akaja kukaa nami Mau Narok. Alishuka kutoka juu ya lori la viazi akiwa na beseni, godoro na gunia la njugu. Siku ya tatu alimimina njugu kwenye ungo, na soksi ya baba ikadondoka kutoka kwenye gunia.

"Mama," nilimwambia, "umepita vizuizi vingapi na hiki kitu?"

"Vinne. Waliniuliza kabila langu, nikawaambia, wakanipungia mkono nipite."

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Majirani zetu Wakikuyu walikuwa wakishushwa barabarani, wakipekuliwa hadi ndani ya viatu na kupakiwa kwenye malori kwa kukosa karatasi tu, na mama yangu alipita na bastola ndani ya njugu kwa sababu ya mahali alikozaliwa. Jambo hilo hunikera hadi leo, ingawa ndilo lililotuokoa.

Nilisema tuitupe chooni jioni hiyo hiyo.

"Si yako," akasema. "Wala si yangu. Utatupaje kitu cha mtu?"

"Huyo mtu mwenyewe hayuko!"

"Ndiyo maana kinatunzwa." Alikuwa akipepeta njugu huku akinijibu, kana kwamba tunabishania jembe. "Wewe si umesoma? Nenda serikalini uniletee karatasi ya kuitunza. Wazungu wenye bunduki wote wana karatasi."

Ningekuwa na akili ningesubiri alale, niichukue, niimalize. Lakini nilikuwa mwalimu. Kila asubuhi nilikuwa nikiwaambia watoto wa vibarua kwamba anayesema kweli haogopi. Basi Jumamosi nikapanda lori kwenda Nakuru, mikono mitupu, kuuliza namna mtu anavyoandikisha bunduki ya urithi.

Katika ofisi ya leseni za bunduki palikuwa na karani mmoja Mwafrika, mtu wa makamo, tai imemkaza shingo. Nilimwinamia nikauliza kwa sauti ya chini.

"Marehemu ni mzungu gani?" akauliza, kalamu tayari.

"Si mzungu. Ni babangu."

Kalamu ikalala mezani. Aliangalia nyuma yangu, kisha mlangoni. "Hiyo kitu iko wapi?"

"Nyumbani."

"Lete tuone namba yake."

"Naweza kuileta njiani bila kibali?"

"Bila kibali utanyongwa."

"Basi nipe kibali cha kuileta."

"Kibali inaandikwa na namba."

"Nikaandike namba kwa karatasi, nirudi nayo?"

"Ukirudi na namba, si umekubali uko na bunduki bila kibali?" Aliyasema haya kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa jinsi dawa inavyonywewa. Nilihisi hasira ikinipanda mpaka masikioni.

Wakati huo aliingia mama mmoja wa kizungu kutoka mtaa wa Milimani, amebeba kikapu. Ndani yake, chini ya taulo, mlikuwa na bastola ambayo mumewe aliichukua kwa Mjerumani katika vita vile vya kwanza. Mumewe alikuwa amefariki, na yeye alitaka mambo yawe sawa. Karani alimletea kiti. Fomu ikatolewa, ikajazwa, ikapigwa muhuri: silaha ya ukumbusho, urithi wa mke. Sikuwa nimemaliza kufikiri nitakachosema, na yule mama alikuwa tayari amesimama, akinitolea tabasamu la adabu. Sikumchukia. Yule mama alikuwa amefiwa kama mama yangu. Kilichonichoma ni kile kiti.

"Ya babangu pia ni ya ukumbusho," nilimwambia karani yule mama alipotoka.

Akaniinamia. "Sikia, ndugu yangu. Rudi nyumbani, tupa hiyo kitu kwa choo. Mimi sijakuona, wewe hujafika hapa."

Sasa ninajua kwamba siku hiyo nzima hakuna mwingine aliyenitakia mema. Lakini nilikuwa nimefura, nikamwambia nataka kumwona mkubwa wake. Alinitazama kwa huruma, akanionyesha mlango wa afisa.

Afisa alikuwa mzungu kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nilimweleza kwa Kiingereza changu cha shule, chote kikiwa kimenyooka: baba, Uhabeshi, bastola, mjane. Sikumtajia mjukuu. Aliuliza jina la shamba, akaliandika, kisha akasema nirudi nyumbani, mtu yeyote asiiguse bastola, atakuja mwenyewe. Nilipokuwa juu ya lori, nimebanwa na magunia, ndipo nilipofahamu nilichofanya. Nilikwenda kumtafutia mama karatasi, nikamletea polisi mlangoni. Nilijitukana njia nzima hadi Mau Narok.

Asubuhi iliyofuata Landrova ilisimama nje. Mama alikuwa amevaa gauni la kanisani. Alikuwa ametandika mezani kitambaa chake cha kufuma na kuilaza bastola juu yake, imepanguswa kwa mafuta ya taa, inang'aa. Alidhani wamemletea karatasi yake. Niliposema tukimbie usiku alikuwa amenicheka, akauliza mtu mwenye haki anamkimbia nani.

Afisa aliingia na askari mmoja, mtu wa Ukambani asiyejua lugha yetu. Alikaa kwenye stuli yangu, akaigeuza bastola huku na huku, akaona haina risasi. Kisha akanisemesha kwa Kiingereza, polepole. Akiandika kwamba mwanamke huyu ndiye aliyekuwa akiitunza, itabidi ampeleke kortini, na yatakayotokea huko yeye hawezi kuyazuia. Akiandika kwamba mwanamke ameiokota shambani na hajui ni ya nani, mambo yanaishia hapa hapa. Ila lazima aseme mwenyewe, mbele ya askari. Sidhani alifanya hivyo kwa kutupenda. Nadhani alikuwa amechoka, na kazi nyingine ilikuwa inamngoja.

"Muulize," alisema. "Bastola hii ni ya nani?"

Nilimweleza mama kwa lugha ya kwetu, haraka haraka, yote mawili: korti, na kuokota. Nilimsihi. Nilimwambia ni maneno tu. Aliniacha nimalize, akasimama, akakunja mikono mbele kama anayetoa ushuhuda kanisani, akamtazama yule mzungu machoni.

Alianza na jina la baba. Alitaja majina yake yote, la babake na la ukoo, kisha namba yake ya jeshi, ambayo sikujua kama anaikumbuka. Alisema alipigana Uhabeshi, akakabidhiwa silaha hii kwa mikono miwili, akarudi nayo, akafanya kazi ya reli bila kulaumiwa hata siku moja. Alisema wazee waliketi, watu wakaona, na yeye anaitunza kwa niaba ya mtu. Mama yangu, ambaye hakuwahi kusema mbele ya mzungu zaidi ya ndiyo na hapana, alisema kwa muda mrefu sana. Askari aliangalia paa. Afisa alingoja, kalamu mkononi.

"Anasema hajui," nilimwambia kwa Kiingereza. "Aliiokota akipalilia."

Afisa alinitazama kidogo. Kisha akaandika. Mama aliweka dole gumba pale alipoonyeshwa, akapewa nakala, na bastola ikafungwa ndani ya gunia dogo. Walipoondoka alibaki ameishika ile karatasi kwa ncha za vidole. Hakuniuliza imeandikwa nini.

"Mimi nimesema mengi," alisema hatimaye, "na wewe umesema machache."

"Kiingereza ni kifupi, Mama."

Alinikodolea macho mpaka nikainamisha kichwa.

"Nilikuwa nasikiliza kama utalitaja jina la babako," akasema. "Jina lake halina Kiingereza."