Bangili za Bi Zena

Nakumbuka asubuhi niliyomvua mwanamke dhahabu zake kwa kifo cha mume aliye hai.

Mwanangu, nakuita mwanangu ingawa nimekupita miaka minane tu, kwa sababu jana mmenitia hasira ya kizee. Nyinyi wanafunzi wa habari mmeambiwa Jumatatu mwende darasani mkajadili habari za wiki. Basi wawili wenu wakaja mlangoni kwangu, mtoto yuko ziwani ananyonya.

"Dada, unasemaje kuhusu ile boti ya Ndau?"

"Boti gani? Mmemuuliza nahodha?"

"Hapana. Iko kwa simu."

"Gatini mmefika?"

"Aa, dada, jua kali."

Jua kali! Mtu anataka kuzungumza juu ya roho za watu, anaogopa jua!

Niliwafukuza. Lakini nilipofunga mlango nilijiona mimi mwenyewe, kidato cha tatu, mwanachama wa klabu ya uandishi. Nasi mwalimu alitwambia kila mtu alete habari yake Jumatatu, na mimi nilitaka yangu iwe ya kwanza. Shoga yangu wa Mokowe, ng'ambo bara, akanitumia sauti: boti imepinduka huku, na fundi Athmani alikuwa aende kisiwani Ndau asubuhi hii. Basi. Hayo tu. Mengine niliyajaza mwenyewe. Nikaandika kwenye grupu la mtaa wetu wa Wiyoni: "Bwana Athmani amezama, Mungu amrehemu." Nikaongeza na vikatuni vya machozi.

Kabla sijamaliza chai, majamvi yalikwisha tandikwa kwa mkewe, Bi Zena. Simu ya mume haipatikani, wanawake wanalia, na mavyaa yake anamwambia avue, maana mjane hakai eda na dhahabu. Akavua herini. Bangili zilikuwa za harusi, zimembana. Wakamtia sabuni mikononi mpaka zikatoka.

Wanaume wakenda kwa Bwana Shee, muadhini wetu, atangaze msiba kwenye kipaza sauti cha msikiti. Akakataa.

"Maiti u wapi? Jamaa yake aliyemwona mekuya?"

"Mtaa mzima unajua, Bwana Shee!"

"Mtaa mzima umesoma. Nani ameona?"

Wakamwita mzee mgumu, hana huruma. Alasiri Bwana Athmani akaingia kwa miguu yake, mkoba wa spana begani. Iliyopinduka ilikuwa boti tupu iliyofungwa gatini. Yeye alikuwa Mokowe akingoja kipuri, simu imekwisha chaji. Akasimama mlangoni pake akauliza, "Nani amekufa?"

Wanawake wakaanza kukunja majamvi.

Bwana Shee alikuja kwetu baada ya Magharibi. Hakupiga kelele, heri angepiga. "Mimi nina kipaza sauti tangu hujazaliwa," akaniambia, "na sijamzika mtu kwa kusikia. Wewe una kisimu cha juzi, umeshazika." Nikaenda kwa Bi Zena kuomba radhi. Alinisamehe, akanipa na chai. Lakini zile bangili hakuzivaa tena. "Nimeshazivua mara moja," alisema. Mpaka leo, nikikutana naye ndiani, macho yangu huanguka kwenye mikono yake mitupu.

Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Msiniambie "tunajadili tu." Mnajadili nini msichokijua? Kabla hujafungua kinywa Jumatatu, nenda gatini. Muulize aliyekuwa kwenye boti, si aliyesoma habari za boti. Jua jina la mtu, na mama yake anakaa nyumba gani, maana huyo mama ana simu pia. Na kama hujui, simama mbele ya darasa useme sijui. Mwalimu akikukata alama kwa hilo, mlete kwangu, nitamwonyesha nyumba ya Bi Zena.

Nenda. Mungu akupe miguu ya kufika kabla ya ulimi wako, na akukinge na siku ya kumlilia mtu aliye hai. Amin. Na uvae kofia, kama ni jua.