Kibali cha Pampu ya Bibi Adija

Baba yangu, Likwata, alikuwa fundi wa pampu kwenye shamba la mkonge nje ya mji. Mashine iliwashinda wenzake, kwake ikatii. Kilichomshinda yeye ni choo cha nyumbani kwake.

Tulikaa Kilwa Masoko, upande wa chini karibu na mikoko. Ukichimba hadi kiunoni unakutana na maji ya chumvi, kwa hiyo shimo la choo lilikuwa juu, mbele ya nyumba, na kulifikia lazima upite barazani. Barazani ndiko alikokaa baba. Na ndani alikaa Bibi Adija, mama yake mama yangu Esha.

Bibi na baba walikuwa mtu na mkwewe, na waliheshimiana hasa. Hawakula pamoja, hawakutazamana usoni, na wakiwa na neno walimtuma mama. Sasa mwanamke kama huyo apite mbele ya mkwewe na kopo la maji mkononi? Baba alijenga ua wa makuti, bibi akasema hata nyayo zake zinasikika. Basi baba akawa anaondoka. Alikwenda sokoni kununua kiberiti, akarudi, akakaa, akaenda tena kununua kiberiti. Tulikuwa na viberiti kuliko duka. Siku za mvua, baba asipotoka, bibi alijibana tangu adhuhuri hadi jioni. Akaacha kunywa maji. Akaanza kuumwa mkojo, akilia ndani ya khanga ili asisikike.

Hapo baba akaomba shambani pampu ya mkono iliyotupwa, akapewa. Alitaka kujenga choo nyuma ya nyumba, mlangoni kwa bibi, chenye tangi dogo la saruji, na pampu isukume uchafu hadi kwenye shimo la juu. Ilikuwa mwaka ule wa kampeni ya Mtu ni Afya, kila kaya ikichimba choo, lakini choo cha kusukuma kwa mashine Bwana Afya hakuwahi kukisikia. Alisema yeye hana pingamizi, ila kamati ya tawi la chama iamue kwanza.

Karani wa kamati alikuwa Huseni, niliyemwita baba mdogo. Yeye na baba walitoka jando moja, na waliotoka jando moja wanajua maana ya kufunga mdomo. Kwenye barua ya ombi baba aliandika tu kwamba eneo ni chepechepe. Huseni akamwambia sababu hiyo haitoshi, ampe ya kweli ili ajue namna ya kumtetea. Baba akamweleza, wawili tu, baada ya kumwapisha.

Mkutano ulifanyika darasani kwetu, watu wazima wamejikunja kwenye madawati. Wanawake walikuwa wameitwa kusikia somo la afya, na bibi alikuwemo, safu ya nyuma. Mwenyekiti, Mzee Abdurahmani, aliposoma ombi aliuliza kwa nini kaya moja itake mashine wakati wengine wanachimba kwa jembe, au ndiyo ubepari umeanza kurudi. Baba alisema ardhi ina maji. Mzee akasema ya wote ina maji. Hapo angenyimwa, na kunyimwa kungekuwa nafuu.

Huseni akasimama. "Ndugu Mwenyekiti, si ubepari. Ni mama mkwe. Anajibana mpaka Likwata atoke, sasa kibofu kimeharibika."

Darasa zima lilicheka. Huseni naye alicheka, kisha, kwa kuona amependwa, akaongeza habari za kiberiti. Waliomgeukia bibi walikuwa wengi. Alijifunika ushungi, akatoka akishika ukuta. Mikono ikanyooshwa, ombi likapita bila hata mmoja kupinga. Baba hakuinua kichwa.

Asubuhi bibi alipanda lori kwenda Kinjumbi kwa kaka yake. Mama alilia, akamsihi, akashindwa.

Siku ya tatu Huseni alileta kibali chenye mhuri, akitabasamu, akingoja kushukuriwa. Baba alikipokea kwa mikono miwili, kwa adabu ileile aliyompa kila mtu.

"Nilikwambia wewe," alisema. "Wewe peke yako."

Huseni akasema si amepata alichotaka. Nilimchukia siku ile, na uzee haujaniondolea chuki hiyo.

Baba alijenga. Alipiga lipu, akatia mafuta pampu, akamtuma mama Kinjumbi akamwambie bibi choo kiko tayari. Bibi akajibu kwamba mashine ile ina mlio, na kila ikilia mtaa mzima utajua Adija ametoka chooni.

Alikuja mara moja tu, sikukuu ya Idi. Alasiri nilimwona ametoka chumbani na kopo. Alisimama mbele ya mlango mpya, akagusa lipu kwa kiganja, akasema mkono wa mkwe wake ni mzuri. Kisha akazunguka nyumba, akashika njia ya zamani.

Barazani hapakuwa na mtu. Baba alikwisha kwenda kununua kiberiti.