Kumkata Kauli Kapteni Juu ya Kilifi

Unamwambiaje mtu uliyemwamkia shikamoo asubuhi kwamba yu karibu kuwaua nyote wawili? Chuo cha urubani kilinifundisha kwamba rubani msaidizi akiona hatari aseme. Hakikunifundisha aanzie wapi ikiwa kapteni ni Ami Twahir, rafiki wa marehemu baba, aliyekula pilau ya akika yangu nilipozaliwa.

Asubuhi tuliondoka Malindi kwa ndege ndogo, viti vya nyuma vitupu, kwenda Kilifi kuchukua wageni wa hoteli. Nilikuwa bado kwenye majaribio, na neno la Ami ndilo lingeamua kama nitaajiriwa. Mama alinisihi mlangoni: leo tu, nisiulizeulize.

Juu ya Watamu, Ami alianza kisa cha posa yake kule Mambrui. Kwetu mkubwa akisimulia humkati kauli, kila akivuta pumzi unaitika, "Naam." Nikaitika Watamu nzima.

Tulipoikaribia Kilifi, kisani baba mkwe alikuwa bado hajamfungulia mlango. Kiwanja kile ni kifupi na hakina mnara wa kutuongoza. Kuna mfuko wa kitambaa tu mlingotini, wa kuonyesha upepo. Ami anashuka, anasimulia. Mimi nikautazama mfuko. Umejaa, umeelekea kule kule tunakokwenda. Upepo ulikuwa ukitusukuma kutoka nyuma, na ndege ikisukumwa hivyo hukawia kusimama. Mwisho wa kiwanja ni shamba la mkonge.

Nikajaribu kwa adabu.

"Ami, upepo leo una nguvu."

"Alhamdulillahi, joto lilizidi," akajibu, akarudi kwa mkwewe.

"Na ule mfuko umejaa kweli."

"Umejaa," akakubali. "Basi mzee akanitazama viatu..."

"Naam," nikasema. Ilitoka yenyewe.

Ardhi ikaja mbio.

"Kapteni, upepo uko mgongoni. Nyanyua ndege, tuzunguke."

Mkono wake ulisukuma wenzo wa injini kabla uso haujanigeukia. Miba ya mkonge ikapita chini yetu. Tukazunguka, tukatua kutoka upande wa pili, tukasimama kiwanja kikiwa hakijaisha.

Kilifi tulipokewa na Mama Kadzo, anayefukuza mbuzi kiwanjani na kuwapikia marubani chai. Aliuliza mbona tulipita kama watu waliosahau nyumba.

"Huyu binti kanikata kauli," Ami akasema.

Mama Kadzo akanitazama kwa huzuni, akasema watoto wa siku hizi wana shida. Chai yangu ilikuja mwisho, nusu kikombe.

Njiani kurudi, wageni wakipiga picha nyuma, Ami hakusimulia chochote. Nilipomwuliza taratibu baba mkwe alisemaje, alijibu, "Tazama upepo."

Nyumbani nilimwambia mama kazi imeniponyoka. Akaniambia kesho niamke mapema, anifundishe kukanda mahamri ya kuuza. Nilijua kukanda kabla barua ya ajira haijafika, na ilipofika nikadhani nimeajiriwa kwa heshima ya marehemu baba.

Tangu siku ile shikamoo yangu huimaliza kabla injini haijawashwa. Angani nasema kapteni, nataja kilichoharibika, nasema tufanye nini.

Nilikuwa tayari kapteni mwenyewe, siku mkuu wa marubani aliponieleza kwamba jioni ya siku ile, kabla sijafika nyumbani, Ami alimfuata ofisini akaripoti kosa lake mwenyewe, kisha akaomba kila safari yake ya Kilifi apangwe pamoja nami.