Chafya za Joho la Harusi

Jamani, msinicheke kabla sijamaliza, maana aibu hii nimeibeba tangu miaka ile ya hamsini, na hadi leo nikipita Mwabungo kuna wazee hawaniamkui kwa salamu, wananiamkua kwa chafya (wallahi!).

Nilikuwa nimemposa Mwanaisha, binti wa Mzee Bakari wa hapo Mwabungo, nami nina kijumba changu cha mawe Msambweni, ukuta wa nyuma haujui jua, na masika ile mvua haikuwa na huruma. Mwanaisha ana pumu, na dresa wa hospitali alikwishawaonya kwamba ukungu wa ndani ya nyumba ukimwingia kifuani utambana pumzi. Basi mzee akasema wazi, nyumba yenye ukungu mwanangu haingii, akamtuma dada yake, Shangazi Mejumaa, aje kupima.

Kipimo chake kilikuwa kisahani cha chumvi kavu. Akakiweka chumbani, akafunga dirisha. "Kesho asubuhi naja," akasema. "Chumvi ikitoa maji, harusi hakuna."

Hee! Chumvi inikoseshe mke? Alipotoka tu nikaingiza jiko la makaa, na asubuhi chumvi ilikuwa inamiminika kama mchanga. Shangazi akaisugua vidoleni, akasema, "Mashaallah, mwanangu, nyumba unayo." Na mimi, mjinga wa kutupwa, sifa zile zikaniingia mpaka nikauamini uongo wangu mwenyewe, nikalitundika joho langu la harusi ukuta ule ule, wiki nzima ya mvua.

Siku ya nikahi nalitoa, lina madoadoa ya kijani! Nikalikung'uta, nikalifukiza udi, nikalimwagia marashi, nikalivaa hivyo hivyo.

Tukakaa barazani kwa Mzee Bakari, wanawake nyuma ya pazia. Mzee akanishika mkono, akatamka kuwa ameniozesha binti yake, nami nikavuta pumzi ndefu nijibu kiume (hapo ndipo nilipoponzeka).

"Nimekuba... chyaa!"

Na adabu zetu mnazijua, chafya haiachwi hivi hivi. Nikasema Alhamdulillahi, baraza zima likaitikia "Yarhamuka-llah", ikanibidi niwarudishie dua yao, sheikh akatabasamu, tukaanza upya. "Nimeku... chyaa!" Alhamdulillahi! Yarhamuka-llah! Kila nikipiga chafya joho linatikisika, likitikisika linatoa vumbi, mara Mzee Bakari naye, mkono wake ungali mkononi mwangu, chyaa! Sasa nani amwitikie nani? Huko nyuma mtu akauliza, "Huyu anakubali au anakataa?" na baraza likavunjika mbavu.

Pazia likafunuka. Shangazi Mejumaa huyo, na kitambaa cheupe mkononi, akanipangusa begani, kitambaa kikatoka kijani.

"Joho hili lilikuwa wapi?"

"Chumbani, shangazi."

"Chumba cha chumvi?"

"Cha chumvi," nikasema, "...na jiko." (Kwa macho yale, hata jiwe lingesema.)

Mzee Bakari akauachia mkono wangu. Loo, nikajua mke ndiyo basi tena. Ghafla nyuma ya pazia nikasikia kicheko, na kumbe ni cha bibi harusi mwenyewe, anacheka mpaka anakohoa. "Baba," akasema, "joho hilo litolewe nje. Mume mimi namtaka."

Mzee akaguna, akaushika tena mkono wangu. "Nikahi itafungwa. Lakini mwanangu hatoki hapa mpaka chumvi yangu ilale kavu kwako, na jiko lako nitalala nalo mimi."

Nikaoa kwa kanzu ya kuazima, iliyonikomea magotini. Masika yote nikawa bwana harusi wa kulala ukweni, mchana nakwangua ukuta, napaka chokaa, natoboa dirisha la pili, na shemeji zangu wananiitikia Yarhamuka-llah hata nikikohoa tu.

Niliapa sitaidanganya chumvi tena, na sijaidanganya. Lakini mpaka leo tuna wajukuu, mvua ikianza, Mwanaisha haniulizi neno. Anaweka kisahani chake chumbani, kisha anachukua jiko la makaa, anakwenda kulificha kwa jirani.